Neno "Rahisi"

Leo tusome neno moja tu: rahisi. Unalitumia kila siku, nyumbani na sokoni. Lakini lina maana mbili, na asiyezitenganisha anaweza kupoteza fedha.

Soma polepole:

Hesabu hii ni rahisi.
Nyanya za leo ni rahisi.

Katika sentensi ya kwanza, kinyume cha rahisi ni ngumu. Katika sentensi ya pili, kinyume chake ni ghali.

Neno hili limetoka katika Kiarabu. Kamusi za zamani huliandika pia rakhisi. Kwa Waarabu ni neno la bei hasa. Kwa jambo lisilo gumu wana neno jingine, na watu wa pwani walilichukua hilo pia, wakasema sahali. Lakini sisi tumelipa neno rahisi kazi zote mbili. Mimi naona si ajabu, kwani kitu cha bei ndogo hakimsumbui mtu kukipata. (Ila usimwite jirani yako mtu rahisi. Atakasirika!)

Sasa twende dukani. Ukutani pameandikwa: "Baiskeli kwa malipo rahisi." Je, rahisi hapa ina maana gani? Tuseme ukilipa mara moja, bei ni shilingi 200,000. Ukilipa kidogo kidogo, utatoa shilingi 20,000 kila mwezi kwa miezi 13. Kutoa shilingi 20,000 si kugumu sana, hasa baada ya mavuno. Lakini chukua kalamu uzidishe: 20,000 mara 13 ni 260,000. Umeongeza shilingi 60,000! Malipo ni rahisi, yaani si magumu, lakini baiskeli ni ghali. Tangazo halikusema uongo. Wewe ndiye uliyesoma maana ile nyingine.

Pengine utakubali hivyo hivyo, kwa sababu unataka baiskeli ibebe maziwa yako kuanzia kesho. Ni sawa, kama umejua. Lakini kabla hujatia sahihi, muulize mwenye duka: "Jumla yote ni shilingi ngapi?" Mwambie aiandike, nawe uisome mwenyewe.

Zoezi

Andika katika daftari lako kinyume cha neno rahisi katika kila sentensi:

Sukari imekuwa rahisi.
Kazi ya kupepeta ni rahisi.
Mkopo huu ni rahisi.

Sentensi ya tatu ijadilini darasani.