Jasho, Kutu na Vidonge

Siku hizi mikutanoni hakukosi mtu wa kuuza vidonge vya vitamini, ati vya "kusafisha mwili". Kabla hamjagusa pesa za chama, tuelewane kwanza.

Mwili huchoma chakula kwa oksijeni ili upate nguvu. Hapo hutokea chembe kali zinazoharibu seli, karibu kama kutu inavyokula jembe. Tukifanya kazi ngumu, chembe hizo huongezeka. Basi jasho ni sumu? Hata! Zikiongezeka kwa kiasi, mwili hushtuka na kutengeneza walinzi wake wengi zaidi. Ndiyo sababu anayelima kila siku ana kinga kuliko yule anayekaa wiki nzima, halafu Jumamosi anataka kumaliza ekari. Huyo ataumia tu.

Mwaka 2009 wataalamu nchini Ujerumani walitoa matokeo ya vijana wa kiume waliofanya mazoezi kwa wiki 4. Wengine walimeza kila siku miligramu 1000 za vitamini C, pamoja na vitamini E. Wasiomeza, miili yao ilianza kutumia sukari vizuri zaidi na walinzi wakaongezeka. Waliomeza walikosa yote mawili: vidonge vilizima ule mshtuko.

Managu, mchicha na mapapai si vidonge, kuleni. Asiyezoea kazi aanze kwa kutembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Lakini dawa mliyoandikiwa zahanati, hasa nyinyi akina mama wajawazito, msiiache.