Mwalimu wa vipindi naye ni mfanyakazi

SWALI: Shangazi, nafundisha chuo binafsi cha ufundi hapa Geita, mwaka wa tatu sasa, nalipwa kwa kipindi. Nina vipindi 12 vya saa moja kila wiki. Mwezi uliopita mtoto wetu alilazwa, nikauza pikipiki. Wenzangu wenye ajira ya kudumu wana kadi za bima. Nilipouliza niliambiwa mimi ni wa muda tu. Mke wangu ni mjamzito. Naogopa nikidai, muhula ujao nitanyimwa vipindi.
Mwalimu wa Vipindi, Geita

JIBU: Pole kwa kuuguza, mwanangu.

Usiende kuomba hisani. Nenda na hesabu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, akiwa na hata sifa moja kati ya zilizotajwa humo. Mojawapo ni kufanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa zako 12 kwa wiki nne ni 48, na bado hujasahihisha daftari hata moja. Tunza nakala za ratiba na fomu za madai ya vipindi. Huo ndio ushahidi wako.

Ukishatambuliwa kuwa mwajiriwa, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka mwajiri akuandikishe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) umezoea kutoza asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri, nusu ya mfanyakazi, na kadi kumhudumia mchangiaji, mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Kwa malipo ya shilingi 300,000 kwa mwezi, chuo kingetoa 9,000 na wewe 9,000.

Kikwazo chenyewe ni likizo. Vipindi vikikoma, hakuna malipo ya kukatwa, na mchango unasimama. Kwa hiyo ombeni mkataba wa mwaka, malipo yagawanywe kwa miezi 12.

Nimesema ombeni, maana peke yako utaonekana mkorofi. Wako wengi kama wewe, Geita hadi Kahama na Shinyanga mjini. Andikeni barua moja, wote mtie saini, na muwaone RAAWU, chama cha wafanyakazi wa taaluma na utafiti. Sheria inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya kujiunga na chama. Mkishindwana, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri.

Mimba lakini haisubiri barua. Mke aanze kliniki kwenye kituo cha serikali, ambako kwa sera huduma ya wajawazito ni bure, nawe upite ofisi ya NHIF uulize vifurushi vya familia.

Nanyi wakuu wa vyuo: mwalimu mnayemtegemea miaka mitatu mfululizo si kibarua. Mwandikisheni.