Mwamuzi amekosea hesabu, je, nilipe?

Swali: Nina kampuni ya ujenzi hapa London. Mwamuzi wa mgogoro ameamuru nimlipe mkandarasi mdogo niliyemgawia kazi, lakini hesabu zake zina kosa la wazi. Naweza kukataa?

Jibu: Ndugu, kwa kosa la hesabu peke yake, huwezi. Sheria ya ujenzi ya Uingereza ya mwaka 1996 ilitungwa ili fedha zisikwame: mwamuzi ana siku 28 za kuamua, wewe unalipa, kisha mgogoro unaweza kusikilizwa upya mahakamani au kwa usuluhishi.

Isome kesi ya Bouygues dhidi ya Dahl-Jensen. Mwamuzi alikosea kuhesabu fedha zilizozuiwa kama dhamana ya kazi, na aliyepaswa kulipa akaonekana ndiye anayedai. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ilikiri kosa hilo, ikauacha uamuzi usimame, kwa kuwa mwamuzi alijibu swali aliloulizwa. Hata hivyo, malipo yalisitishwa, kwa sababu Dahl-Jensen, iliyotakiwa kulipwa, ilikuwa imefilisika. Kwa hiyo chunguza kwanza hali ya kifedha ya mwenzako.

Pingamizi zenye uzito ni mbili: mwamuzi hakuwa na mamlaka, au alikunyima haki ya kusikilizwa katika jambo kubwa. La mamlaka uwe umeliweka kwa maandishi mapema; ukishiriki kimya hadi mwisho, mahakama itakuona umelikubali. Kama huna pingamizi la aina hizo, nakusihi lipa sasa, kabla riba na gharama za kesi hazijaongezeka, kisha udai fedha zako.