Kiwanja cha Wazi ni Dawa ya Mtaa

Mwezi huu hatutazungumzia vidonge wala sindano. Tutazungumzia kiwanja cha wazi, yaani ile bustani ya mtaa ambapo watoto hucheza na wazee hupunga upepo.

Katika wodi yetu tunapokea watoto waliogongwa na pikipiki. Tukimwuliza mama, "Mtoto alikuwa wapi?" mara nyingi anajibu, "Alikuwa anacheza barabarani, Sista. Angecheza wapi?" Swali hilo la mama ndilo somo letu la leo.

Kiwanja kina faida gani kwa afya?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa shule acheze na kukimbia kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mtu mzima anashauriwa afanye mazoezi, kama kutembea kwa haraka, walau dakika 150 kwa wiki. Mazoezi hayo husaidia kuzuia shinikizo la damu, kisukari na unene wa kupita kiasi. Kivuli cha miti hupunguza joto. Tena mgonjwa wa huzuni, au mzee anayeshinda peke yake ndani, hupata nafuu akikaa na wenzake.

Lakini kiwanja kilichoachwa hugeuka kuwa adui. Maji yakituama ndani ya makopo na matairi, mbu huzaliana humo. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua kama siku 7 hadi 14 tu. Penye kinyesi, minyoo ya safura huingia mwilini kupitia nyayo za mtoto asiye na viatu. Misumari na vigae vya chupa huleta vidonda, na kidonda kichafu huweza kuingiza pepopunda.

Tuliyojifunza mtaani kwetu

Kiwanja cha mtaa wetu kilikuwa jalala, nasi wenyewe tulikuwa tukitupa taka pale. Asubuhi moja tukakuta lori limemwaga matofali: mtu ameamua kujenga. Tulikasirika, lakini mzee mmoja akatuuliza, "Mlipokifanya jalala, nani angejua kwamba kina wenyewe?" Tulinyamaza. Mali isiyo na mwangalizi huchukuliwa kwa urahisi.

Hatukurusha mawe. Tulikwenda pamoja ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kwa maofisa wa ardhi, tukaomba kuona ramani. Ramani ilionyesha kuwa ni eneo la wazi. Ilichukua miezi kadhaa ya barua na kufuatilia, lakini matofali yaliondolewa.

Majirani zetu wa Nairobi walishatangulia. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement waliandika barua nyingi kuupinga. Alitukanwa hadi bungeni, lakini hakuacha. Wafadhili walijitoa, na jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Silaha yake ya kwanza ilikuwa kalamu.

Tufanye nini?

1. Tuunde kamati ndogo yenye akina mama, vijana na wazee. Fedha ziandikwe daftarini na kusomwa mbele ya wote.

2. Tuhakikishe mipaka kwenye ramani, tutunze nakala ya kila barua. Ahadi ya mdomo haitoshi.

3. Tuchague siku moja ya usafi kila wiki. Tuvae viatu na glavu. Makopo yatobolewe au yaondolewe, na vidimbwi vifukiwe.

4. Tupande miti mvua zinapoanza. Sisi mwaka wa kwanza tulipanda kiangazi. Miche ikakauka, na iliyobaki ikaliwa na mbuzi. Mwaka uliofuata kila nyumba ilipewa mche wake wa kumwagilia na kuuzungushia miiba. Mingi ilipona.

5. Tutenge sehemu ya watoto wadogo mbali na barabara, na benchi kivulini kwa wazee na wajawazito.

6. Tukubaliane mahali pa kuweka taka. Kusafisha bila kuwa na mahali pa taka ni kuhamisha uchafu tu.

Matofali yalipoondolewa, wengine walidhani kazi imekwisha. Majuma mawili baadaye taka zilikuwa zimerudi. Kukomboa kiwanja ni kazi ya miezi. Kukitunza ni kazi ya kila wiki. Umoja ni nguvu, lakini umoja wa siku moja haufiki mbali.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika jumuiya

Watoto wetu wanacheza wapi baada ya shule? Je, tunajua mipaka ya kiwanja chetu? Juma hili nani atashika fagio, na nani atashika kalamu?