Usiisugue Hiyo Rupia! Vidokezo kwa Mkusanyaji wa Sarafu

Sarafu kongwe si lazima iwe ghali, na sarafu yenye kasoro si lazima iwe adimu. Ukitaka kuzikusanya kwa raha bila kuibiwa, zingatia haya.

1. Usisafishe. Si kwa majivu, si kwa limau, si kwa dawa ya meno. Ile rangi ya kahawia iliyotulia juu ya shaba hairudi ikishaondolewa, na mikwaruzo ya kusugua mjuzi huiona mara moja. Uchafu ukizidi, loweka kwenye maji safi kisha gusisha kitambaa laini. Basi.

2. Soma kabla ya kuuliza bei. Hapa ndipo penye utamu. Chukua senti 5 au 10 ya tundu ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 usome jina la mfalme. Huenda ukakuta Edward VIII, aliyeachia kiti Desemba mwaka huohuo kabla sarafu zenye sura yake hazijaingia mitaani kwao Uingereza. Senti zetu zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji sura. Jina lilitosha, zikapigwa, watu wakazitumia sokoni. Zilipigwa kwa mamilioni, kwa hiyo hazina bei ya kutisha, lakini mimi siwezi kuipita bila kuinunua.

Tafuta pia herufi ndogo ya kiwanda. Herufi T yenye mwaka 1916 ni Tabora, ambako Wajerumani waliozingirwa na vita walijipigia wenyewe sarafu za heller 5 na 20, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Ya dhahabu ina bandia nyingi. Usiinunue kwa haraka.

3. Mwaka unaweza kukupoteza. Riale ya Maria Theresa, iliyotamba Unguja, Omani na Uhabeshi, huandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Imeendelea kupigwa kwa mwaka uleule hadi zama zetu, kwa hiyo tarehe peke yake haithibitishi ukongwe.

4. Kosa linalolipa ni la kiwandani. Angalia chapa iliyoegemea upande mmoja, ukingo uliokatika kabla ya kupigwa chapa, au sarafu ya tundu iliyokosa tundu. Iliyogongwa nyundo au kutobolewa ivaliwe shingoni imeharibiwa tu. Pitisha kidole kwenye tundu: la kiwandani ni laini na lina duara lililoinuka kulizunguka, la msumari huacha makali upande mmoja.

Mfano mzuri ni peni 20 za Uingereza za 2008. Muundo mpya ulihamishia mwaka upande wa kichwa, lakini baadhi zikapigwa kwa muhuri wa zamani wa kichwa. Zikatoka bila mwaka pande zote mbili.

5. Pima. Rupia ya fedha ya Mjerumani ina gramu 11.66, ikichakaa hupungua kidogo, na sumaku haiivuti. Sonara yeyote ana mizani ya kukusaidia. Anayekuambia rupia ina nguvu za ajabu na kuna tajiri anayeisubiri kwa mamilioni, muage uondoke. Akikuomba pesa ya "kuipima" kwanza, huyo ni tapeli.

6. Ya Kilwa usiiondoe ilipo. Thamani ya zile sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa iko katika mahali zilipolala. Tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, Australia, na aliyeziokota aliweka alama kwenye ramani. Bila alama ile, watafiti wasingejua pa kuanzia. Ukiiona kwenye magofu, waite maofisa wa mambo ya kale.

7. Epuka plastiki laini. Huacha ute wa kijani, hasa kwenye joto la pwani. Tumia bahasha ndogo za karatasi, uandike juu yake ulikoipata.

8. Anza na za Tanzania za mwaka 1966 zenye sura ya Nyerere: senti 5 ya samaki, 20 ya mbuni, 50 ya sungura na shilingi ya mwenge. Kamilisha hizo nne zikiwa hazijachakaa, ndipo uanze kutafuta rupia.