Kukohoa, Kikohozi, Makohozi: Kuchagua Kati ya Kitenzijina na Nomino

Katika sarufi, "kukohoa", "kikohozi" na "makohozi" ni maneno ya mzizi mmoja. Katika chumba cha daktari ni mambo matatu tofauti, na kuyachanganya kwaweza kumgharimu mgonjwa aliyeteremka kutoka Mgeta au Matombo nauli ya safari ya pili hadi Morogoro mjini.

Kitenzijina, yaani kitenzi chenye ku- kinachotumika kama jina, hutaja tendo likitendeka: "Kukohoa kwake huzidi usiku." Hapa twauliza: lini, mara ngapi, kwa namna gani? Kitenzijina huweza pia kuchukua shamirisho na kukanushwa: "kumeza dawa", "kutomeza dawa".

Nomino iliyonyambuliwa hutaja hali au zao la tendo. "Kikohozi chake kimedumu wiki tatu": hii ni dalili, nasi twauliza muda wake. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi chamtaka mhudumu achunguze kifua kikuu. "Makohozi yake yana damu": hiki ni kitu, twauliza rangi na kiasi, na maabara hukipima.

Mgonjwa akipewa kikopo na kuambiwa tu "kakohoe humu", huenda akarudi na mate. Hakukaidi, ametenda tendo aliloagizwa, bali zao lake hakutajiwa. Agizo kamili ni hili: "Sukutua kinywa kwa maji. Nenda mahali pa wazi, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu, kohoa kwa nguvu kutoka kifuani, kisha utie makohozi humu. Mate pekee hayafai."

Kanuni hii hufaa kwingineko pia:

Kutapika na matapishi: kutapika huhesabiwa mara, matapishi hutazamwa kama ni ya kijani au yana damu.

Kupumua na pumzi: katika kupumua, twatazama kama kifua cha mtoto chabonyea ndani, pumzi twazihesabu kwa dakika nzima. Kwa mtoto mwenye kikohozi, wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari ya nimonia.

Mhudumu, kabla ya kuuliza, amua: wataka tendo, muda wa dalili, au kitu cha kupima? Nawe mgonjwa, usione haya kuuliza: "Daktari, nikueleze ninavyokohoa, au nikuletee makohozi?"