Samaki Wakifa Vizimbani, Uliza Kwanza

Novemba 2022, wafugaji wa samaki wa vizimba hapa Kisumu walipoteza samaki wengi kwa ghafla. Baadhi yao walishuku uchafu uliomwagwa ziwani. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, walieleza kuwa oksijeni ndani ya maji ilikuwa imeshuka mno.

Shaka ile haikuwa ya kipuuzi, maana majitaka huingia ziwani kweli. Lakini shaka ni mwanzo tu. Ufikiriaji wa kina unaofundishwa vyuoni hauna maana usipomfaa mwanagenzi anayesimama kando ya kizimba asubuhi kama hiyo.

Aanze na samaki wa nje: nao wamekufa? Hao wanaweza kukimbia maji mabaya, wa kizimbani hawana pa kwenda. Vifo vilianza saa ngapi? Oksijeni huwa chini zaidi kabla ya mapambazuko, kwa sababu usiku mwani hauitengenezi, bali huitumia. Je, upepo mkali umevuma? Upepo ukilikoroga ziwa, maji ya chini yenye oksijeni kidogo hupanda juu. Na kizimba kimejazwa samaki wangapi? (Swali hili wenye vizimba hawalipendi.)

Majibu yaandikwe palepale, na sampuli ya maji ichukuliwe mapema, kabla hali haijabadilika. Oksijeni ikiwa ndiyo chanzo, ulishaji usitishwe kwa muda na msongamano upunguzwe. Samaki waliokufa wasiuzwe wala kuliwa.